Jina la Mti na Jina la Kidonda: Historia ya Kuzipima Dawa za Ngozi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Mtu aliyejikata kwa panga shambani huko Msambweni ana jeraha. Jeraha hilo likikaa majuma mengi bila ya kupona, likawa latoa usaha, haliitwi tena jeraha bali kidonda. Likizidi kupanuka na kuchimba nyama huitwa donda, na donda lisilosikia dawa yoyote hupewa jina la donda ndugu, kana kwamba limekwisha kuwa jamaa wa nyumba ile na halina haja ya kuondoka. Maneno haya manne si visawe. Kila moja lina hukumu ndani yake kuhusu muda, kina na matumaini ya kupona. Hata hivyo, maandishi mengi ya maabara juu ya dawa za mitishamba hutosheka na neno moja la jumla, na kwa neno hilo huendelea kupima, kuhesabu na kutoa matokeo.

Makala haya yanafuatilia jinsi mimea ya dawa ya pwani ya kusini ya Kenya ilivyokusanywa, ilivyotajwa na ilivyopimwa, na yanadai kwamba katika kila hatua ya kazi hiyo swali la lugha lilitangulia swali la kemia. Jina la mti likikosewa, kitu kingine ndicho kilichopimwa; jina la kidonda likikosewa, ugonjwa mwingine ndio uliotafutiwa dawa. Wanaoumia kwa makosa hayo si wataalamu, bali ni wale wanaoibandika dawa juu ya ngozi zao.

Eneo linalohusika huanzia ng'ambo ya kivuko cha Likoni na kuteremka kwa Tiwi, Diani, Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga na Vanga, mpakani mwa Tanzania. Wenyeji wake walio wengi ni Wadigo, na bara yao wako Waduruma. Kando ya bahari, kuelekea Wasini na Vanga, wamo wasemaji wa Kichifundi na Kivumba, lahaja za Kiswahili zilizokaa jirani na Kidigo kwa karne nyingi. Kwa hiyo mti mmoja huweza kuwa na majina matatu au zaidi katika nchi ambayo mtu huitembea kwa siku mbili. Mti wenye miiba ambao Waswahili wa Kenya huuita mjafari, Wadigo huuita mdungu, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania utausikia ukiitwa mkunungu. Mwenyeji hapotei katika majina haya, kwani anaujua mti kwa harufu ya gome lake kabla ya kulitaja jina. Anayepotea ni yule aliyelichukua jina bila ya mti.

Mengi ya maarifa hayo yamehifadhiwa na kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, haizidi hekta 30 hivi, lakini ndani yake kuna miti ambayo mashamba na mahoteli ya jirani yameimaliza kwingineko. Katika miaka ya 1970 na 1980, utalii wa ufuo wa Diani ulipopamba moto, vipande vya misitu hiyo vilimegwa kimoja baada ya kingine. Serikali ya Kenya ilizitangaza kaya kadhaa za Kwale na Kilifi, Kinondo ikiwa mojawapo, kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza Kinondo pamoja na kaya nyingine katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe hizi zina maana kwa mwanaisimu pia. Msitu ukitoweka, majina ya mimea yake hubaki kwa kizazi kimoja, kisha huwa maneno yasiyo na vitu.

Ni nani basi aliyeyaandika majina hayo, na kwa haja gani? J. L. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Haja yake ilikuwa Injili. Mimea iliingia njiani. Charles Sacleux, padre Mfaransa aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo katika robo ya mwisho ya karne ya 19, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye alikusanya mimea yenyewe, akaikausha na kuipeleka Paris, hata jenasi moja ya mimea ikapewa jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilipochapwa mwaka 1939 na 1941, maneno mengi ya mimea yalikuwa na jina la kisayansi mbele yake. Kwa maoni ya makala haya, huyo ndiye mwanakamusi wa kwanza wa Kiswahili aliyelitendea jina la mti haki yake, maana nyuma ya neno lilikuwako jani lililokaushwa ambalo mwingine angeweza kulitazama na kubisha.

Wakati huohuo, huko Amani katika milima ya Usambara, P. J. Greenway alikuwa akiandaa kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo ilitoka Dar es Salaam mwaka 1937. Kamusi hiyo iliwafaa sana maofisa wa kilimo na misitu. Baadaye, mwaka 1976, J. O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutoa kamusi ya mimea ya Kijaluo, jambo linaloonyesha kwamba mtaalamu wa mimea aliye mwangalifu hana budi kuwa mwanakamusi. Kuhusu Wadigo na Waduruma wenyewe, kazi ya M. Pakia na J. A. Cooke iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la botania la Afrika Kusini ndiyo iliyotenganisha kwa uangalifu matumizi ya dawa na yasiyo ya dawa, kila mmea ukiwa na jina lake la kienyeji. Mwaka uliofuata ikatoka Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili. Kamusi za Kiswahili sanifu, kwa upande mwingine, zimekuwa bahili mno katika jambo hili: maingizo mengi ya mimea hayamwambii msomaji zaidi ya kwamba hiyo ni aina fulani ya mti. Kwa shairi huenda hilo likatosha, lakini kwa dawa halitoshi.

Chukua mfano wa mwarobaini. Jina limetokana na arobaini, hesabu ya maradhi ambayo mti huo husifiwa kuyaponya. Hakuna shaka kwamba ni neno la Kiswahili halisi, lakini mti wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi, nao ulienea katika mwambao huu kwa njia ya watu na biashara iliyouunganisha na Bara Hindi. Leo majani yake huchemshwa Kwale nzima kwa ajili ya upele, choa na vidonda, wala hakuna anayemwona mgonjwa huyo kuwa ametumia dawa ya kigeni. Hapo hapana tatizo. Tatizo liko kwa mti mwingine unaofanana nao kwa majani, ujulikanao kwa wataalamu kama Melia azedarach, ambao watu wengine huuita mwarobaini nusu, na walio na haraka huuita mwarobaini tu. Matunda ya mti huu wa pili yana sumu iliyokwisha kuua mifugo na hata watu. Neno nusu, ambalo msikilizaji huweza kulidhani ni mapambo, ndilo linalotenga dawa na sumu. Hata mwarobaini wa kweli una mipaka yake. Mafuta ya mbegu zake hupakwa ngozini bila ya madhara makubwa, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliougua vibaya ubongo na ini baada ya kunyweshwa mafuta hayo.

Shubiri nayo ina somo lake. Neno hili la asili ya Kiarabu kwa kawaida hutaja utomvu mchungu wa mmea, ule ambao mama humwachishia mtoto ziwa na ambao umekuwa kipimo cha uchungu katika mithali na mazungumzo. Utomvu huo wa manjano hukaa chini ya ganda la jani, nao huharisha na huweza kuwasha ngozi. Kile kinachowekwa katika marhamu za madukani kwa ajili ya majeraha na ngozi iliyoungua ni ute mweupe wa katikati ya jani, kitu kingine kabisa. Mtafiti anayeandika kwamba amepima mshubiri na asiseme ni sehemu ipi, ameliacha swali lilipokuwa. Mahitaji ya biashara ya utomvu huo yaliwahi kuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1986 ilitolewa amri ya rais kuilinda mishubiri ya mwituni nchini Kenya.

Neno dawa lenyewe ni pana kupita kiasi. Kiswahili husema dawa ya kidonda, dawa ya mbu, dawa ya viatu, na dawa ya kumrudisha mume. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa Kenya wakati wa ukoloni, haikuwa na subira na upana huo. Neno la Kiingereza lililotumiwa siku hizo kumtaja mganga lilikuwa na uchawi ndani yake, na kwa tafsiri hiyo mbovu mganga aliyeponda majani ya kidonda alijikuta jirani na mchawi mbele ya hakimu. Watu waliojifunza kwamba maarifa yao huweza kuwapeleka mahakamani hawawezi kutazamiwa kuyaeleza kwa urahisi kwa mgeni mwenye daftari. Wale wanaoulaumu usiri wa waganga kuwa ni choyo hulisahau jambo hili mara nyingi.

Kwa nini basi dawa ya kupaka ihofiwe? Ngozi nzima ni ukuta, bali ngozi iliyochubuka ni mlango, na wawindaji wa Afrika walilijua hilo zamani sana, kwani sumu ya mshale haifanyi kazi mpaka ipate jeraha la kuingilia. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858. Mswaki wake ulikuwa umewekwa pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Aliposugua meno alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na kombe hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya moyo, na jina la wenyeji likaingia katika Kilatini cha botania: Strophanthus kombe. Mmea huo huota Kwale pia. Basi anayepima kama jani hufunga jeraha hana budi kupima vilevile ni kitu gani kinachoingia mwilini kabla jeraha halijafunga.

Vipimo hivyo vina historia yao. Mwaka 1895 Josef Jadassohn alieleza njia ya kubandika kitu kidogo ngozini na kutazama kama kitaleta ukurutu. Mwaka 1944 John Draize na wenzake huko Marekani walitoa utaratibu wa kupaka kemikali juu ya ngozi ya sungura iliyonyolewa na kuyapa alama yatokeayo. Shirika la OECD liliurekebisha utaratibu huo mwaka 1981, dawa ikikaa ngozini kwa saa 4, na alama zikianzia 0 hadi 4 kwa wekundu, na 0 hadi 4 kwa uvimbe. Kwa upande wa uponaji, Morton na Malone walieleza mwaka 1972 njia ya kukata kipande cha ngozi ya panya na kupima kila baada ya siku chache jinsi jeraha linavyopungua upana.

Hapa ndipo maneno ya mwanzo wa makala yanapodai haki yao. Panya wa maabara amekatwa leo kwa kisu safi, akiwa mzima na ameshiba. Alicho nacho ni jeraha. Isitoshe, ngozi ya panya ina msuli mwembamba chini yake unaoivuta na kuifunga haraka, ilhali jeraha la binadamu hutegemea zaidi nyama mpya kuota. Aliyeshika njia kumwendea mganga wa Msambweni, kwa kawaida, hana jeraha la jana. Ana kidonda cha mguu cha miezi, pengine kwa sababu ya kisukari au mishipa mibovu, na huenda ni donda. Jani likimfunga panya jeraha lake kwa siku 12 badala ya 16, tuseme, limejibu swali ambalo mgonjwa huyo hakuuliza.

Kosa hilo huweza kwenda upande wa pili pia, na historia ya buba ni ushahidi. Katika miaka ya 1920 buba ilikuwa imeenea mno katika Kenya, na sindano zilizoletwa kuitibu zilipendwa kuliko huduma yoyote nyingine ya serikali. Kidonda cha kwanza cha buba hupona chenyewe baada ya majuma au miezi, dawa iwepo au isiwepo, kisha maradhi hurudi kwa vidonda vingine na mwishowe hufika mifupani. Jani lolote lililobandikwa juu ya kidonda kile cha kwanza lilipata sifa ambayo halikuistahili. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kudai vipimo vyenye ulinganisho, yaani baadhi ya wagonjwa au wanyama kupata dawa na wengine kuikosa, na haina dharau yoyote kwa waganga. Daktari asiye na ulinganisho angedanganyika vilevile.

Tofauti nyingine haijazingatiwa vya kutosha. Jedwali la Draize hutegemea jicho: wekundu kiasi gani, uvimbe kiasi gani, juu ya ngozi ya sungura mweupe. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha. Kiswahili, ambacho kimekua miongoni mwa watu wenye ngozi hiyo, kimejenga msamiati wake wa madhara ya ngozi juu ya hisi kuliko rangi: dawa huwasha, huchoma, huchonyota, ngozi hutoka harara au malengelenge, kidonda hufanya kigaga au hukataa. Kuchonyota si kuwasha, na kila mtoto wa pwani aliyepakwa ndimu kwenye mchubuko anaijua tofauti hiyo. Sungura hana njia ya kuieleza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifanya kazi kubwa ya kutafuta maneno kwa dhana zilizotoka nje. Kazi ya kuchukua dhana zilizokwisha kuwamo katika lugha na kuzipangia daraja za kipimo bado ni shamba ambalo halijalimwa. Mvunja korosho wa Kwale, ambaye mafuta ya ganda la kanju yamemuunguza vidole, angeweza kusaidia kuzipanga daraja hizo kwa usahihi kuliko kamati.

Vitenzi vya matayarisho navyo hupuuzwa. Mganga huponda, hutwanga, huchemsha, au huchoma mpaka ipatikane jivu. Kisha hupaka, hubandika, hukanda au hunyunyiza unga wake. Kila kitenzi ni maagizo ya joto, maji na muda. Maabara kwa kawaida huloweka mmea katika methanoli, ambayo hutoa kemikali ambazo maji hayawezi kuzitoa, na kuacha nyingine. Dawa ya kubandika hulala na mgonjwa usiku kucha, na zile saa 4 za kipimo haziwezi kuisemea.

Kuanzia miaka ya 1970 mwelekeo wa serikali na mashirika ulibadilika. Dar es Salaam ilipata kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, ambacho kiligeuzwa taasisi kamili huko Muhimbili mwaka 1991. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wahudumu wa afya, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda KEMRI, ambayo baadaye ilikuwa na kituo chake cha dawa za jadi. Mwaka 2010 J. M. Nguta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha orodha ya mimea inayotumiwa Msambweni dhidi ya malaria, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo ya kuipima sumu kwa viluwiluwi vya kamba wa maji ya chumvi, njia iliyoelezwa na Meyer na wenzake mwaka 1982: viluwiluwi huwekwa katika dawa, na baada ya saa 24 huhesabiwa walio hai. Ni njia rahisi na ya gharama ndogo, nayo huonyesha mapema mmea wa kuogopwa. Lakini kiluwiluwi hana ngozi ya mtu wala kidonda, na dawa za vidonda za eneo hilo zinahitaji kufanyiwa kazi yake zenyewe kwa uangalifu uleule.

Sheria pia zimebadilika. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inadai ridhaa ya jamii kabla maarifa yake hayajatumiwa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitaka serikali itunge sera ya kuongoza matibabu ya jadi. Ridhaa, hata hivyo, hutolewa kwa lugha. Mzee wa Kinondo akielezwa kwamba dawa yake itapimwa usalama, ni lazima aelezwe ni usalama upi: kwamba haitawasha, au haitachonyota, au haitaingia damuni. Na matokeo yale ya Msambweni yalitoka kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki Msambweni. Ndani yake majina ya Kidigo na ya Kiswahili yamo, yamepangwa katika safu moja ya jedwali, baina ya jina la Kilatini na sehemu ya mmea iliyotumika.